Sura ya Sita: Harimu ya Wadi

Kila mahali barabara ya Omani inapokata wadi, pembeni husimamishwa nguzo zenye alama nyeupe na nyekundu. Dereva akifika na kukuta maji yanapita, huangalia nguzo. Maji yakishafika kwenye nyekundu, anageuza gari na kurudi alikotoka. Anayejitosa kwa makusudi sheria ya barabarani inamwadhibu, kwa sababu kila mwaka wapo wanaoamini kwamba gari lao refu litavuka. Nguzo hizo ni chuma na rangi tu, lakini zinamwambia mtu, siku ya jua kali, maji yatafika wapi. Kanuni nyingi za mipango miji nilizozisoma hazijaweza kumwambia mtu hivyo.

Nimeanza na nguzo ingawa sura hii inahusu nyumba. Dereva anaweza kugeuza. Aliyejenga hawezi.

Ruwi ndicho kitovu cha zamani cha biashara cha Muscat. Ukiingia kwa mara ya kwanza mwezi wa Julai, joto limepita nyuzi 40, hutasadiki kwamba mji huu una mto. Milima imeuzunguka, myeusi na mikavu, karibu yote haina jani. Katikati ya mabenki, maduka ya dhahabu na mikahawa ya Kihindi unapita mkondo mpana usio na tone la maji, watu wanaegesha magari humo na vijana wanapiga mpira. Hiyo ndiyo wadi. Waswahili wa hapa, waliokuja kutoka Unguja, Pemba, Mombasa, Bujumbura na Kongo, hawakuhangaika kuitafutia jina jingine. Mvua ikipiga milimani wanapigiana simu: usipite njia ya Wadi Adai leo, wadi imeshuka.

Kushuka ndilo neno lenyewe. Rufiji hujaa, Tana hufurika, na aliye ukingoni huona maji yakipanda siku kwa siku mpaka akakusanya kuku na magodoro. Wadi haimpi mtu nafasi hiyo. Muscat hupata wastani wa milimita 100 hivi za mvua kwa mwaka, wakati Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000, na kwa hesabu hiyo mtu wa Dar anaweza kudhani kwamba mafuriko ni tatizo la kwao tu. Lakini mvua ya Muscat haianguki kidogo kidogo. Huja ya mwaka mzima, na pengine ya miaka mitatu, kwa usiku mmoja, ikaangukia miamba isiyo na udongo wa kuinywa. Maji yote yanateremka kwa pamoja, yamebeba kokoto na mawe, na yanaweza kufika mjini huku mbingu ya mjini ikiwa na nyota.

Watu wa zamani walilijua jambo hili. Katikati ya Ruwi kuna ngome nyeupe iitwayo Bait al Falaj, ambayo leo ni makumbusho ya majeshi ya Sultani. Inahusishwa na Sayyid Said bin Sultan, yuleyule aliyehamishia makao yake Unguja, na historia nyingi zinaitaja katikati ya karne ya 19. Jina lake maana yake ni nyumba ya falaji, yaani mfereji wa kuchukulia maji kutoka chini ya ardhi hadi mashambani. Kwa hiyo kabla ya benki na maduka, bonde hili lilijulikana kwa maji yake. Omani ina falaji zipatazo 3,000 zinazotiririka hadi leo, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano kati yake katika orodha ya urithi wa dunia.

Falaji na kisima vilikuwa na kitu ambacho mafakihi wanakiita harimu. Msomaji wa Kiswahili anayo tayari nusu ya neno hili. Tunasema maharimu kwa jamaa ambao mtu haruhusiwi kuwaoa, na tunasema haramu. Harimu ya kisima ni ile ardhi iliyokizunguka ambayo mtu mwingine haruhusiwi kuijenga wala kuichimba, hata kama ni tupu, hata kama haina mwenyewe, kwa sababu kisima hakiwezi kuishi bila hiyo. Ipo hadithi ya Mtume inayompa aliyechimba kisima dhiraa arobaini kwa ajili ya mapumziko ya mifugo yake, na mafakihi walijadiliana kwa karne nyingi juu ya vipimo vya harimu ya kisima, chemchemi, mto na mti. Hawakukubaliana daima. Jambo moja hawakulitilia shaka: kitu cha maji hakiishii pale maji yanapoishia.

Wataalamu wa leo wana majina yao kwa fikra hiyohiyo: ukanda wa kinga, hifadhi ya kingo za mto. Jimbo la Maryland huko Marekani lilitunga sheria mwaka 1984 ya kulinda ghuba ya Chesapeake, na ndani yake mna ukanda wa futi 100, karibu mita 30, kutoka majini. Ni sheria nzuri. Lakini ninapowasikia vijana wetu wa mipango miji wakiieleza fikra hii kana kwamba imeletwa na ndege mwaka jana, nasikitika, kwa sababu mababu wa baadhi ya wakazi wa Ruwi walikuwa wakihukumiana kwayo mbele ya kadhi.

Na hawakuwa na maneno tu. Nenda kijiji cha Misfat al Abriyin, juu ya Al Hamra, uangalie nyumba zilivyopangwa. Zimekaa juu ya majabali, na mitende iko chini kwenye matuta yanayopata maji. Kwa mpango huo ardhi yenye rutuba haikupotezwa kwa kujengewa, na gharika likija lilikuta mashamba kabla ya kukuta vyumba vya watoto. Mtende uliong'olewa hupandwa mwingine.

Ruwi ya leo haikupangwa hivyo, na sababu inaeleweka. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 bonde hili lilikuwa na ngome, kambi ya jeshi na uwanja mdogo wa ndege ambao marubani waliuogopa kwa sababu ya milima. Uwanja mpya ulipofunguliwa Seeb mwaka 1973, uwanda ule mpana ukabaki wazi, nao mji ulikuwa na haraka. Sultan Qaboos alikuwa amewaita Waomani waliotawanyika warudi nyumbani, na maelfu walirejea kutoka Afrika ya Mashariki, wengi wao wakiwa bado na majeraha ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Walihitaji mahali pa kulala, na nchi ilihitaji mabenki, wizara na maduka. Ardhi tambarare katika Muscat ni chache, na ukitazama vizuri utaona kwamba karibu kila tambarare iliyopo ilisawazishwa na wadi. Kokoto unazokanyaga Ruwi zililetwa na maji. Anayejenga juu yake amejenga kwenye kitanda cha mto ambacho mwenyewe ametoka kidogo.

Tarehe 6 Juni 2007 mwenyewe alirudi. Kimbunga Gonu, chenye nguvu kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa katika Bahari ya Arabuni hadi wakati huo, kilipita pwani ya Omani. Upepo wake ulikuwa umepungua, lakini mvua yake ilifika zaidi ya milimita 600 katika baadhi ya sehemu, yaani mvua ya miaka sita ya Muscat. Jirani kabisa na Ruwi, maji ya uwanda wa Amerat yalikusanyika nyuma ya milima na kupenya katika korongo jembamba la Wadi Adai, yakaitafuna barabara iliyojengwa ndani yake, kisha yakatawanyika Qurum, kwenye majumba, maduka makubwa na msitu wa mikoko uliohifadhiwa tangu 1975. Watu wapatao 50 walikufa nchini. Hasara ilikadiriwa kuwa dola bilioni 4 hivi. Mitambo ya kusafisha maji ya bahari ilisimama, na mji uliozama kwenye maji ukakaa siku kadhaa ukipanga foleni kwenye malori ya maji ya kunywa.

Wakati ule nilisikia watu wengi wakisema kwamba jambo kama hili halijawahi kutokea. Lilitokea tarehe 5 Juni 1890, takriban siku ileile, na watu zaidi ya 700 walihesabiwa kufa. Likatokea tena 2010 kwa kimbunga Phet, kisha Oktoba 2021 kwa kimbunga Shaheen kilichoipiga Batina, na mnamo Aprili 2024 wadi ilichukua wanafunzi waliokuwa garini huko Samad al Shan, katika mvua ambayo haikuwa hata kimbunga.

Hapa lazima nieleze hesabu moja, kwa sababu ndiyo inayowapoteza wanunuzi wa viwanja. Wahandisi huzungumzia mafuriko ya miaka 100. Mtu wa kawaida akisikia hivyo huona kwamba, maadamu yametokea 2007, yeye na wanawe wameshapona mpaka 2107. Maana yake si hiyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi moja katika 100 ya maji kufika hapo, na mwaka unaofuata hesabu inaanza upya bila kukumbuka yaliyopita. Ukikaa katika nyumba hiyo miaka 30, muda wa kulipa mkopo wa benki, nafasi ya kuyaona maji hayo sebuleni kwako ni karibu asilimia 26. Nani angepanda boti ya Pemba kama angeambiwa kwamba moja kati ya safari nne itazama?

Sheria za Omani kuhusu maji si dhaifu. Amri ya Sultani namba 82 ya mwaka 1988 ilitangaza maji kuwa mali ya taifa. Sheria ya kulinda utajiri wa maji, iliyotoka kwa amri namba 29 ya mwaka 2000, iliendeleza harimu ya zamani kwa vipimo vya kisasa: kisima kipya hakichimbwi ndani ya kilomita 3.5 kutoka kisima mama cha falaji. Nalisifu hilo bila kusita. Mabwawa pia yamejengwa, kama lile la Al Khoud la mwaka 1985, ambalo hulizuia gharika kwa muda ili maji yazame ardhini badala ya kukimbilia baharini.

Ugumu uko kwenye kiwanja cha mtu mmoja. Mipaka ya wadi huangaliwa na wizara yenye dhamana ya maji, viwanja hugawiwa na wizara ya nyumba na mipango miji, na kibali cha kujenga hutolewa na manispaa. Raia wa Omani ana haki ya kuomba kiwanja cha makazi, na tangu 2008 wanawake wanayo haki hiyo sawa na wanaume. Ni haki kubwa, na inazaa foleni kubwa. Foleni ikirefuka, mchoraji ramani hutazama tambarare iliyo kando ya wadi, iliyo kavu, karibu na barabara na umeme, na mkono unamwasha. Mchoro ukishatoka, mtu ana mulkia yake mkononi, yaani hati ya umiliki, na kuruki, yaani mchoro wa kiwanja wenye vipimo na muhuri. Kuanzia hapo kila anayemwambia kwamba ardhi ile ni ya wadi anaonekana mwizi.

Sisi wa upande wa pili wa bahari tunajua mambo huishia wapi. Tanzania ina sheria ambayo kila mwananchi anaitaja kwa namba: mita sitini. Ni kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani au baharini. Ilipotungwa, bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam lilikuwa limekwisha kujaa nyumba. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40, na baadhi ya walionusurika walipewa viwanja Mabwepande. Wengi walikuwa na sababu za kubaki karibu na Kariakoo, ambako ndiko wanakopata riziki, na waliohama wengine walirudi. Desemba 2015 zikaja alama za X za rangi nyekundu ukutani, kisha matingatinga. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kulitengeneza bonde, na safari hii kukawa na fidia. Fedha hizo ndizo bei ya bikoni ambazo hazikusimikwa wakati bonde likiwa na mpunga.

Nairobi nako hivyohivyo. Agosti 2018 majengo makubwa, likiwamo South End Mall, yalibomolewa kwa kujengwa kwenye kingo za mito, na baadhi ya wamiliki walionyesha vibali walivyopewa na ofisi za serikali. Baada ya mafuriko ya 2024, zamu ikawa ya Mathare na Mukuru: mabati yalivunjwa mvua ikinyesha, na serikali ikaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia. Mwenye jengo alikuwa na mawakili. Mama wa Mathare alikuwa na sufuria kichwani. Sioni haki katika kanuni inayonyamaza miaka 20 kisha ikazungumza kwa tingatinga, hata kama kila mita iliyoandikwa ndani yake ni sahihi.

Je, mita zenyewe ziwe ngapi? Kenya ilijaribu kuufuata upana wa mto: kwa kanuni zake za maji za mwaka 2007, kinga haipungui mita 6 kila upande, hulingana na upana wa mto, na haizidi 30. Tanzania ilichagua namba moja kwa wote. Namba moja ina faida: mjumbe wa nyumba kumi anaweza kuipima kwa kamba, na hakuna wa kumdanganya. Kwa mto wenye maji mwaka mzima naikubali. Kwa wadi nadhani itatuangusha, kwa sababu hakuna anayejua ianzie wapi. Ukingo wa wadi ni upi? Ni ule uliochorwa na maji ya mwaka jana, au ule wa 2007, ulio mita mia kadhaa zaidi kule, nyuma ya duka? Katika korongo la Wadi Adai mita 60 zinakupeleka ndani ya mwamba. Kwenye uwanda wa chini mita hizohizo zinaweza kukuacha katikati ya mkondo. Harimu ya wadi ipimwe kwa maji yake makubwa, kwa ramani ya gharika iliyofanyiwa hesabu, kisha mpaka huo ushushwe kutoka kwenye ramani na kuwekwa ardhini kwa nguzo, nyeupe na nyekundu kama zile za barabarani, ili asiyejua kusoma ramani naye aone.

Na ardhi hiyo isiachwe kuwa jalala. Nimeona kwamba eneo lisilo na kazi halilindwi na mtu. Eneo lenye mikunazi na migunga, lenye uwanja wa mpira na njia ya wazee kutembea jioni, lina walinzi mia bila mshahara. Mizizi hushika kokoto. Udongo uliolegea hunywa maji na kuyapeleka visimani, kazi ambayo sakafu ya zege haiwezi. Ruwi inaihitaji kwa sababu nyingine pia: juu kidogo, Wadi Kabir, kuna karakana nyingi za magari, na maji ya mvua ya kwanza huosha mafuta yote yaliyomwagika na kuyapeleka baharini kunakovuliwa samaki. Ukanda wa miti na nyasi ungechuja sehemu yake. Vijana wanaocheza kwenye mkondo mkavu tayari wameonyesha matumizi yanayofaa. Wanacheza, na wadi ikishuka wanaondoka na mpira wao.

Kwa Ruwi yenyewe yamebaki machache ya kuamua, maana bonde limejaa. Kuta zimepandishwa, madaraja yameinuliwa, na kila ukuta ulioinuliwa juu huongeza kasi ya maji kwa anayekaa chini. Lakini Amerat bado inapanuka, na Muscat inaendelea kusambaa kuelekea mabonde mengine. Huko bikoni zinaweza kutangulia nyumba.

Basi wewe unayetafuta kiwanja, Amerat au Mabwepande, usiende kukiona siku ya jua peke yake. Nenda tena siku moja baada ya mvua. Tafuta mgunga ulio karibu na uangalie matawi yake: majani makavu, mifuko ya plastiki na nyuzi za kamba zilizonasa juu ndizo alama ya maji yalipofika. Muulize mzee aliyekaa hapo miaka mingi kuliko dalali. Omba kuruki, kisha omba na ramani ya gharika, na ukiambiwa haipo, usitoe pesa. Na ninyi wa Muscat mna baraza la manispaa ambalo baadhi ya wajumbe wake huchaguliwa kwa kura tangu 2012. Mjumbe akija kuomba kura yako, mpeleke kwenye wadi iliyo karibu nawe, umwombe akuonyeshe kwa kidole mpaka wake uko wapi.